Vitabu vya Gredi ya Tatu: Kutoka Mulot Hadi Boito na Kurudi

Nilifunga safari kwenda Boito kwa sababu ya msichana mmoja aliyekataa kusoma. Anaitwa Chebet. Alikaa nyumbani akiwalea wadogo zake, akaanza shule kwa kuchelewa, na sasa alikuwa mrefu kuliko wenzake wote katika darasa langu la Gredi ya Tatu hapa Mulot.

Mwanzoni mwa muhula nilikuwa nimemsihi mwalimu mkuu, Bwana Rono, anitolee katoni moja ya vitabu vya hadithi vilivyofungiwa stoo. Alikubali shingo upande.

"Mwalimu Nekesa, hao watoto watavirarua," alisema. "Na nikiona havisomwi, vinarudi stoo muhula ukiisha."

Nilivipanga rafuni kwa kufuata ugumu wa kila kimoja: karatasi nyekundu kwa vitabu rahisi, buluu kwa vya wastani, kijani kwa vigumu. Nilijiona nimefanya kazi safi. Siku Chebet alipochukua chenye nyekundu, darasa zima likacheka. "Anasoma cha watoto wa nasari!" Alikirudisha polepole, na tangu siku hiyo hakuikaribia rafu. Wengine waliosoma kwa shida wakamfuata. Vitabu vikaanza kushika vumbi.

Nikampigia simu Chelangat, niliyesoma naye chuo cha ualimu, ambaye sasa anafundisha Boito.

"Njoo ujionee," akasema. "Haya mambo hayaelezeki kwa simu."

Niliomba ruhusa ya Ijumaa, na Alhamisi, baada ya masomo, jirani anayepeleka mahindi Bomet alinipa lifti katika pikapu yake. Tuliacha nyuma mashamba ya ngano na vumbi la barabara ya Narok. Bomet nikapanda pikipiki. Kupita hapo baridi ikaanza kunipenya, na nilipoingia eneo la Konoin, iliko Boito, hapakuwa na mahindi wala ngano tena. Ni chai tu, kilima baada ya kilima. Mvua ya jioni ilinikuta njiani, na nikafika kwa Chelangat viatu vimejaa matope mekundu.

"Chamgei!" akanisalimu mama mkwe wake mlangoni.

"Chamgei mising," nikaitikia, naye akacheka kusikia Kipsigis katika ulimi wa Mluhya. Akaniwekea ugali na mursik, yale maziwa yao ya kibuyuni. "Kula, mwalimu. Baridi ya huku inakula mtu ambaye hajakula."

Ijumaa asubuhi niliingia darasani kwa Chelangat. Hakuwa na rafu. Vikapu vikuukuu vya kuchumia chai vilipangwa chini ya dirisha, na ukutani alikuwa amefunga kamba za katani, vitabu vimening'inia majalada yakitazama watoto. Kila kikapu kilikuwa na picha: ng'ombe, sufuria, wingu, uso unaocheka.

"Vigumu viko wapi?" nikauliza.

"Vimechanganyika. Mimi pia nilianza na rangi, Nekesa. Watoto wakajua papo hapo nani wa kuchekwa. Sasa kila mmoja anaenda kwa anachokipenda. Anayependa ng'ombe atahangaika na kitabu kigumu cha ng'ombe mpaka kikubali."

Katika kikapu cha uso unaocheka kulikuwa na kitabu walichokishona wenyewe, jalada lake limekatwa kwenye katoni ya sabuni. Ilikuwa hadithi ya fahali aliyevamia kituo cha kununua chai akala majani ya kijiji kizima. Upande mmoja Kipsigis, upande wa pili Kiswahili. Walinisomea wakicheka mpaka machozi.

"Mnaweza kunipa hiki, nikawasomee watoto wa Mulot?"

Kicheko kikakatika. Msichana aitwaye Cherotich akakichukua, akakikumbatia. "Hapana, madam. Hii ni ya kogo yangu. Ni yeye alitusimulia. Alikufa wakati wa likizo."

Kogo ni nyanya. Nilimwomba msamaha, nikatamani ardhi inimeze. Chelangat hakumlazimisha. Alimwambia tu, "Cherotich, ni wewe utaamua."

Baada ya uji, msichana akanijia. "Madam, unaweza kungoja? Tutakuandikia ingine."

Mchana kutwa waligawana kurasa, huyu akiandika, yule akichora. Cherotich alizunguka akisahihisha. "Hapana! Kogo alisema fahali alikohoa. Hakulia." Alipokitoa kikohozi chenyewe, kama nyanya yake alivyokitoa, darasa lilicheka upya, naye akacheka pamoja nao.

Jumamosi nilirudi mvua ikinyesha, kitabu nimekifunga kwa nailoni na kukificha ndani ya sweta.

Jumatatu nilibandua karatasi zote za rangi. Nikaleta ndoo tupu za rangi ya ukuta, zimeoshwa, nikawaambia watoto wapange wenyewe. Kitabu cha punda kikazua ugomvi: ni cha wanyama au cha safari? Wakapigizana kelele, mpaka Chebet akasema kutoka nyuma, "Punda anabeba maji. Wekeni kwa kazi." Hatukuwa na ndoo ya kazi. Tukaitengeneza.

Kisha nikawasomea habari za fahali. Nilipomaliza, Chebet akauliza, "Hii waliandika watoto?"

"Watoto wa Gredi ya Tatu, kama nyinyi."

Akakichukua kile kitabu. Alisoma kidole kikifuata kila neno, akikwama, akirudi nyuma. Watoto wakacheka tena, lakini safari hii walimcheka fahali.

Muhula ulipokaribia kuisha, Bwana Rono alikuja kukagua. Kitabu kimoja kilikuwa kimepotea, na vingine tulivibandika kwa gundi. Akainua kimoja kilichochakaa. "Nani ameharibu hiki?"

"Hakijaharibika, mwalimu," Chebet akajibu. "Kimesomwa."

Bwana Rono alikifungua, akasimama pale akisoma ukurasa mmoja, kisha wa pili. Kesho yake alibeba katoni ya pili mwenyewe kutoka stoo.

Nilienda Boito kutafuta namna ya kupanga vitabu. Nilichojifunza ni kwamba maktaba ya darasa haisimami mpaka watoto waione ni yao: waipange, wagombane juu yake, waichakaze, waiongeze. Siku hizi Chebet anatunga kitabu kuhusu mbuzi wa jirani yao. Nilimshauri aanze na Kiswahili, ili nami niweze kumsaidia.

"Hapana, mwalimu," akaniambia. "Kipsigis kwanza. Hao mbuzi hawajui Kiswahili."