Shati Lisilokauka Jeddah

Mwanangu, ukiniuliza kati ya Riyadh na Jeddah ni mji gani mzuri kutembelea, sikuzungushi: ni Jeddah. Lakini ngoja nikueleze jinsi uzuri huo ulivyotaka kuniponza.

Kuna siku moja naikumbuka mpaka harufu yake. Nilikuwa kijana, dereva wa familia moja ya Riyadh, na nilimpeleka madam Jeddah kumwona dada yake kwa siku tatu. Riyadh nilizoea barabara pana, vumbi na kuta ndefu. Kumbe Jeddah unashusha kioo, upepo wa chumvi unakuingia shingoni! Jioni, pale ufukweni, watu wa kila rangi waliketi kwenye mikeka wakimiminiana chai. Bwana mmoja nisiyemjua akanipa kikombe, wala hakuniuliza natoka wapi. Nilitembea kama mtu anayeota.

Nililala mtaa wa Hindawiyah kwa Mzee Bakari, fundi cherehani kutoka Malindi. Siku ya pili nikamwambia nimeshamrekodia kafili wangu, yule mwajiri aliyenidhamini, ujumbe: "Baba, halas, kazi basi, nahamia Jeddah." Naye kafili alikuwa ameniahidi kwamba baada ya Idd nitakwenda nyumbani kumwona mama, ambaye macho yake yalikuwa yakififia. Nikituma ujumbe ule, ruhusa nayo basi.

"Umeutuma?" Mzee akauliza.

"Bado."

"Wewe wa bara, shati hilo siku ya pili hii linanuka. Lifue, lianike hapo roshani. Likikauka, tuma."

Nikacheka. Riyadh shati hukauka kabla chai haijapoa. Nikalianika alasiri. Asubuhi nikaligusa: majimaji. Saa nne, bado. Madam akapiga simu, "Yalla, yalla, tunarudi!" Nikalivaa hivyo hivyo, likanigandia mgongoni.

Mzee Bakari alicheka hadi akaegemea cherehani. "Miaka yote hii mimi navaa unyevu! Wewe umeonja jioni mbili tu, tena ukiwa mapumzikoni. Jeddah imekukirimu, mgeni wee. Sasa mama yako angoje Idd ngapi?"

Nikaenda kumchukua madam, tukashika njia. Katikati ya jangwa shati likakauka lenyewe, na kwenye kituo cha petroli nikaufuta ule ujumbe.

Baada ya Idd nilifika nyumbani. Mama alinisogeza mlangoni penye mwanga, akanitazama kwa muda mrefu. "Umekonda," akasema. Mwanangu, alikuwa bado anaona.

Tangu hapo nimehama miji mingi, miguu yangu haitulii, na nikipata siku tatu bado nakwenda Jeddah kunywa chai ufukweni. Nenda nawe, ufurahi. Ila mji uliokupendeza ukiwa mgeni, usiuachie kazi wala ahadi yako kabla hujafua nguo zako pale ukaona zinavyokauka.

Mungu akufungulie barabara, akujalie jioni nyingi za upepo wa chumvi, na akufikishe nyumbani wakati anayekungoja bado anauona uso wako.