Picha Tatu za Lumanti

Lumanti Gimbad hakuwa mpiga picha. Alikuwa mkulima wa kabichi hapa kijijini kwetu Kundasang, chini ya mlima, mwanamke mfupi wa miaka arobaini na mmoja, mwenye mikono mipana, na kama si yale aliyofanyiwa kaka yake, nadhani asingegusa kamera maisha yake yote.

Kaka yake, Jaimin, alikuwa akiwaongoza wageni mlimani. Wageni wake hawakuwa na shida na kilele, walitaka tupai. Huyu ni mnyama mdogo, mwili wa kindi na pua ndefu kama ya sange, anayekuja kulamba utamu kwenye kifuniko cha mmea wa huku mlimani ambao majani yake hujikunja kuwa vikombe, na akimaliza hujisaidia humohumo kikombeni. Mmea unaishi kwa mbolea hiyo. Watu hutoka mbali kuja kupiga picha ya jambo hilo, na tupai hatulii hata sekunde kumi. Jaimin aliwaambia ukweli: huenda mkamwona, huenda msimwone.

Gaundil, mwenye nyumba ya wageni pale juu ya barabara, aliahidi kwamba kwake hakuna anayeondoka bila picha. Na kweli hawakuondoka bila picha. Tukasema ana bahati. Kisha walinzi wa msitu wakaokota tupai aliyekufa, mguu wa nyuma umefungwa kwa uzi wa kuvulia samaki kwenye shina la mmea. Gaundil akawahi. Alisimama mbele ya mkuu wa kijiji akaapa kwamba alimwona Jaimin akimfunga. Jaimin akanyang'anywa kibali, na baraza la mila likamtoza nyati. Familia ilikuwa na nyati mmoja tu.

Nilikuwepo siku nyati huyo alipochukuliwa. Jaimin aliingia ndani, hakutaka kuona. Lumanti alibaki uani.

"Pole, dada," Gaundil akamwambia. "Mila ni mila."

"Nimekusikia," Lumanti akajibu.

Mwezi uliofuata aliuza hereni za mama yao, akarudi kutoka mjini na kamera iliyokwisha kutumika na lenzi ndefu, nzito. Stendi hakununua. Kule juu ardhi ni mizizi na kuvu tupu, na ukianza kufungua miguu ya stendi kila mnyama ameshakusikia. Ilibidi ashike kwa mikono. Kwa hiyo alipokaa kwenye kibanda chake cha mboga akisubiri wateja, alichukua kabichi ya kilo mbili akaiinua mpaka jichoni, viwiko vimebana mbavu, akahesabu.

Mimi nina duka la kahawa ng'ambo ya barabara. Nilivumilia siku tatu, ya nne nikavuka.

"Lumanti, hiyo kabichi inakuonyesha nini?"

"Mtu."

"Basi mwambie acheke kidogo, anatisha."

Hakucheka yeye wala mtu wake.

Picha za mwaka wa kwanza zilikuwa mikia. Mkia, jani, kikombe kitupu, ukungu. Akajifunza kuegemea mti, kutoa pumzi nusu, kufyatua mfululizo kabla moyo haujapiga tena. Alianza na panya wa milimani, akaja kwa kindi wadogo wanaotosha kiganja. Asubuhi moja akanionyesha tupai akilamba kifuniko, kila unywele wa mkia unahesabika.

"Hii ungeiuza," nikamwambia.

"Huyu siye ninayemtafuta."

Alishajua ratiba ya Gaundil. Siku za wageni, Gaundil hutangulia peke yake na mfuko begani, halafu hurudi kuwachukua. Aprili ya mwaka wa pili Lumanti alikwenda kabla yake, akalala kifudifudi ng'ambo ya korongo, hatua thelathini hivi, lenzi mkononi.

Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe. Gaundil alifika, akamtoa tupai mfukoni, akamfunga mguu kwa uzi, akauficha uzi chini ya majani. Lumanti alipiga picha za mikono, uzi, fundo. Uso hakuupata, ile kofia nyekundu anayovaa kila siku ilimfunika mpaka puani. Gaundil akaondoka kwenda kuleta wageni. Tupai akabaki anavuta, anaanguka, anavuta.

Lumanti alikuwa na kisu kiunoni, na nafasi ya kutosha kuvuka korongo. Hakuvuka. Wageni wakaja, wakapiga picha zao, wakapongezana, wakashuka. Gaundil akarudi kumfungua mnyama wake ili amtumie tena. Alipoinama akavua kofia kufuta jasho, fundo la uzi mkononi, uso wote kwenye mwanga. Lumanti akatoa pumzi nusu, akafyatua. Kufikia hapo tupai alikuwa ameacha kuvuta.

Hakwenda kwa mkuu wa kijiji. Aliweka picha ndani mwezi mzima, kwa sababu mwezi Mei, kwenye sikukuu ya mavuno, Gaundil alikuwa ameandaa maonyesho ya picha ukumbini, na yeye ndiye mwamuzi. Lumanti akapeleka tatu, kila moja imefunikwa kitambaa. Ukumbi ulijaa, tapai imeshazunguka, na tapai ninayoisema hapa ni pombe yetu ya mchele. Gaundil akafunua ya kwanza.

"Hii kapiga nani?"

"Mimi, kaka."

"Wewe, wa kabichi?" Watu wakacheka. "Haya, mwenye haki apewe. Tazameni mnyama alivyotulia. Jamani, huyu mama kamtulizaje?"

"Sikumtuliza mimi. Funua ya pili."

Akafunua. Tupai yuleyule, na safari hii uzi unaonekana, umezama kwenye mguu. Kicheko kikakatika. Gaundil aliirudisha mikono nyuma, kwa hiyo Lumanti akaenda akafunua ya tatu mwenyewe.

Gaundil mwenyewe, uso wazi, fundo la uzi mkononi. Gaundil akawageukia watu. "Siku hizi picha zinatengenezwa kwenye kompyuta. Mtoto wa shule anaweza."

Lumanti akaweka kadi ya kamera mezani mbele ya mkuu wa kijiji. "Ziko mia mbili na sitini, mzee. Kuanzia alipofungua mfuko. Mwambie aseme ni ipi iliyotengenezwa."

Mkuu alitazama ile ya tatu muda mrefu. "Gaundil," akasema, "uliapa mbele yangu."

Baraza lilimtoza nyati wawili, mmoja wa kurudisha, mmoja wa kiapo cha uongo. Lumanti akaomba jambo moja: asiwapakie kwenye gari. Awakokote kwa kamba mwenyewe, kwa miguu, Jumapili, kupitia katikati ya gulio. Akakubaliwa. Jumapili hiyo alisimama kando ya njia na lenzi yake, akampiga picha kuanzia daraja mpaka uani kwao, na kila Gaundil alipogeuza uso, yeye alihamia upande ule.

Jaimin alirudishiwa kibali. Jioni ileile aliketi na kamera ya dada yake, akazipitia picha zote moja moja. Kila picha ina saa yake.

"Hapa ni saa mbili asubuhi," akasema. "Hii ya uso, saa tatu na nusu. Katikati ulikuwa wapi?"

"Hapohapo."

"Na kisu unacho."

Jaimin akaizima kamera, akamrudishia. Amerudi mlimani na wageni wake, ila hajawahi kumwita dada yake waende pamoja.

Nilimuuliza kama anajuta. "Ningemfungua," akasema, "leo Gaundil angekuwa ananiita dada na kunipa pole." Akapangusa lenzi. "Yule mnyama namwota. Gaundil simwoti."

Picha ya Gaundil na nyati wawili ameitundika kibandani, juu ya nyanya, pale magari yanaposimama. Wageni huuliza ni nani huyo, naye huwasimulia yote, jina lake na jina la nyumba yake, bila haraka, huku akiwafungia mboga. Gaundil aliuza nyumba mwaka uliofuata akahamia pwani. Picha haijatolewa.