Mwewe wa Sita Afa Jumamosi

Rubani wa ndege ya vita vya angani, yule Mwewe wa Sita wa tamthilia ya Jumamosi jioni, alikuwa anaogopa lifti. Watu nikiwaambia hivi hawaamini, lakini nimefanya naye kazi na najua. Jengo la studio yetu lina lifti nzuri tu, ina kioo na chuma cha kushikilia, ila yeye alipanda ngazi mpaka ghorofa ya juu kabisa, akafika anahema kama aliyefukuzwa na mbwa. Fundi sauti alitaka kumsubiri apumue. Bosi akakataa.

"Mrekodi hivyohivyo," alisema. "Si yuko vitani?"

Ninaposema rubani nina maana ya sauti yake. Tamthilia yenyewe hutengenezwa mbali huko, sisi kazi yetu ni kuivalisha Kiswahili. Mimi ndiye mfasiri. Kila neno linalotoka kwa malkia, kwa majemadari na kwa yale madubwana ya macho matatu limepita mezani kwangu, ingawa jina langu halijawahi kuonekana mwishoni hata kwa bahati mbaya. Hilo tuliache, maana nikilianza leo halitaisha.

Yeye tulimwita Sita. Alikuwa pande la mtu, mvi zimeanza kumwingia pembeni, na sauti yake ilikuwa nzito na ya taratibu. Mwewe wa Sita si mhusika mkubwa. Kila Jumamosi anasema "Nimekupata, kiongozi," halafu "Wako nyuma yangu," halafu "Nafyatua," kisha ndiyo basi mpaka juma lijalo. Uso wake haujawahi kuonekana: juu ana helmeti yenye kioo cheusi, chini ana barakoa ya hewa. Sisi wa kazi hii tunampenda mhusika wa namna hiyo kuliko malkia. Malkia akifumba mdomo, Kiswahili nacho lazima kifumbe, hata kama sentensi bado iko njiani. Mwenye barakoa hana masharti. Kila nilipobaki na habari isiyoenea kwenye mdomo wa malkia, nilimpa Sita aiseme angani. Ndiyo maana kwa lugha yetu yule rubani anajua siri za ufalme kuliko anavyozijua huko alikotoka.

Mbali na urubani, Sita alikuwa pia umati wa watu, milango inayokwama, askari wanaoanguka kutoka darini, na farasi mmoja wa tamthilia ya mchana. Farasi yule alisifiwa sana.

Tuliishi jengo moja la kupanga. Mimi nilikuwa juu, yeye na mama yake chini yangu. Hakuwa na mke. Aliwahi kuwa naye, wakaachana kwa amani, na tangu hapo kilichokuwa kikimweka mjini ni kazi na mama. Mama yake alikuwa mshonaji wa sare za shule enzi zake, mwanamke wa maneno makavu na mshono ulionyooka. Kisha kumbukumbu zikaanza kumtoka. Akasahau njia ya dukani, akasahau majina ya dada zake, mwishowe akasahau uso wa mwanawe. Kitu kimoja hakikumtoka, nacho ni ile sauti ndani ya televisheni.

"Huyo mwanangu," alikuwa akimwambia kila anayeingia. "Ana ndege yake."

Na yule mtu mnene aliyempikia, akamwogesha na kumchana nywele? Huyo alikuwa kijana wa kazi, aliyetafutiwa na mwanawe rubani. Mama alimsifu pia, kwa haki. "Kijana mwenyewe si mbaya," aliniambia siku moja, Sita amesimama hapohapo na mwiko mkononi. "Ila chumvi hana kipimo."

Sita hakumbishia. Alisema kubishana naye kunamtia mama hofu, na yeye hofu anaijua. Isitoshe, kulikuwa na suala la dawa. Mama alikuwa na vidonge vya moyo, na daktari alisema waziwazi kwamba akiviacha siku chache tu atazidiwa. Kwa mkono wa kijana wa kazi hakuvigusa. "Najuaje umeniwekea nini?" Basi Sita alikuwa anaingia jikoni, anatia uso ndani ya jagi la plastiki, na sauti inatoka imebanwa kama ya kwenye ndege.

"Mama, huyu ni Mwewe wa Sita. Umeshameza dawa?"

"Bado, mwanangu!"

"Meza sasa. Nakusubiri hewani."

Mama alimeza bila neno. Nami huko juu nilisikia yote, maana sakafu yetu haina siri, na ninakiri nilikuwa nasubiri saa ile ya dawa kama wengine wanavyosubiri taarifa ya habari.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka ilipofika sehemu ambamo Mwewe wa Sita anauawa. Niliisoma mezani kwangu, nikaisoma tena, nikaenda kunywa maji. Sita aliniona.

"Dada, nimekufa?"

"Umekufa."

"Nimekufa kabisa, au nimekufa halafu narudi?"

"Kabisa, kaka. Ndege inalipuka, inakuwa moto skrini nzima."

Akavuta kiti. Nilidhani ataulizia kazi, kwa sababu rubani akifa, mwenye sauti naye anabaki na milango na farasi. Hakuuliza hilo.

"Mama nitampa dawa kwa sauti ya nani?" alisema.

Akafikiri kidogo, macho yakamng'aa.

"Barakoa ninayo mpaka mwisho?"

"Unayo."

"Basi naweza kusema chochote. Niandikie kwamba naruka nje."

"Unaruka kwenda wapi, Sita? Kule ni kati ya nyota, hakuna chini."

"Mama hajui kama hakuna chini."

Mimi nina kichwa kigumu katika kazi yangu. Sijawahi kumwokoa mtu ambaye mwandishi amemuua, hata wale waliostahili. Lakini niliandika. Niliandika "Naruka, tutaonana nyumbani," nikampelekea bosi huku nimejikausha. Bosi aliisoma akiwa amesimama.

"Sehemu inayofuata wanamzika," alisema. "Kamanda analia, hana barakoa, uso umejaa skrini. Sasa huyu karuka, wanamzika nani?"

Nilimweleza habari ya mama. Si mtu mbaya yule. Aliisoma karatasi ile tena. Kisha akasema wenye tamthilia hukagua kila sehemu, na yeye hawezi kufunga studio kwa ajili ya vidonge. Nikarudi mezani nikaandika kifo kama kilivyo.

Siku ya kurekodi Sita alipanda ngazi zake, akahema, akaingia katika kile chumba kidogo kilichobandikwa magodoro ukutani. Mara ya kwanza alikufa vizuri, ila muuza sabuni alipita barabarani na kipaza sauti chake, ikabidi afe upya. Mara ya pili alikufa kwa kelele mno. "Punguza," bosi alimwambia. "Wewe si farasi." Mara ya tatu aliinamisha kichwa, akasema polepole, kama anayeaga mlangoni: "Huyu ni Mwewe wa Sita. Nimepigwa. Nendeni. Msirudi kunichukua."

Fundi sauti alivua spika za masikioni, akaanza kuzifuta ingawa zilikuwa safi.

"Hiyo inafaa," bosi alisema, na sijamsikia akimsifu mtu kuliko hapo.

Jumamosi ilipofika, Sita alikata shauri. Alichomoa waya nyuma ya televisheni, akautia mfukoni, akamwambia mama kwamba chombo kimeharibika na fundi atakuja wiki ijayo. Halafu akatoka kununua mkate, akiamini amemaliza.

Mimi nilikuwa napiga pasi niliposikia hodi. Nilipofungua, alikuwa mama yake. Alikuwa amevaa gauni la kutokea na viatu, na mkoba ameushika kifuani.

"Binti, televisheni yetu imekufa, na mwanangu anakaribia kuruka. Nipe kiti."

Ningesema yangu nayo ni mbovu. Lakini ilikuwa inawaka nyuma yangu, muziki wa mwanzo umeshaanza, na mimi uongo wangu wote huwa umeandikwa mapema. Wa papo kwa papo sina. Nikampa kiti. Sita alitufuata baada ya muda, mkate kwapani, ncha ya waya imechomoza mfukoni. Aliponiangalia, nilitazama pasi. Akakaa sakafuni karibu na miguu ya mama yake, na tukamtazama akifa.

Moto ulijaa skrini. Kisha likaja tangazo la dawa ya meno.

"Zima, binti," mama alisema.

Nikazima. "Mama, yale ni maigizo tu," nilimwambia.

"Najua ni maigizo. Wale wengine wote wanaigiza." Akafungua mkoba, akatoa leso. "Mwanangu hajui kuigiza."

Akalia bila sauti. Sita alimshika mkono, naye akauacha ushikwe, kwa heshima, kama mtu anavyomwachia mgeni. Mimi nilikuwa na huzuni, na nilikuwa na hasira pia, kwa sababu yale maneno yalikuwa mazuri na niliyaandika mwenyewe.

Kesho yake mama akatangaza msiba. Alimwambia mama mwenye nyumba, mama mwenye nyumba akamwambia fundi friji wa chini, na mpaka mchana majirani walikuwa wamejaa sebuleni. Walimjua Sita wote. Walikuja wamevaa vizuri, wakapokewa mlangoni na marehemu mwenyewe, aliyekuwa akigawa viti na chai. Hakuna aliyecheka. Watu wa jengo letu wana mdomo, lakini siku ile waliufunga.

"Marehemu alikuwa mtu wa watu," fundi friji alisema. Akamgeukia Sita. "Samahani, ndugu, sukari iko wapi?"

"Alikuwa anaimba sana akioga," mama mwenye nyumba alisema. "Ila tutamsamehe."

"Alikuwa na roho nzuri," akasema mwingine, na huyo hakutania, na Sita alikwenda jikoni akakaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuchemsha maji, kisha akarudi macho mekundu na birika tupu.

Yote hayo yangekuwa kichekesho cha kusimulia, kama si vidonge. Mama hakumeza Jumamosi, hakumeza Jumapili. Jumatatu jioni nilishuka kuchukua kiti changu nilichowaazima kwa ajili ya msiba, nikamkuta amekaa mbele ya televisheni iliyozimwa, miguu imeanza kuvimba. Daktari alikuwa ameambiwa kwa simu, akasema ikipita kesho aletwe hospitali, na hospitali mama alikuwa akiiogopa kama Sita anavyoiogopa lifti. Sita alinipa ishara ninyamaze. Akaingia jikoni. Nikasikia jagi.

"Mama, huyu ni Mwewe wa Sita..."

"Kijana!" Mama aligonga kiti kwa kiganja. "Toka huko! Huna adabu? Unaigiza sauti ya marehemu nyumbani kwa mama yake?"

Sita alitoka na jagi mkononi. Mtu mzima yule, pande lote lile, alisimama kama mtoto aliyevunja sahani. Nilitaka kuondoka, lakini kiti changu alikuwa amekikalia mama.

"Kaa," mama alimwambia. Akakaa. "Ulifanya naye kazi?"

"Ndiyo, mama."

"Aliogopa?"

Sita alinitazama, kama vile maneno yake ninayo mimi.

"Aliogopa sana," alisema. "Aliogopa utabaki peke yako."

"Angekuja kukaa nami, basi. Miaka yote namsikia hewani, namsikia hewani. Hata siku moja hakuja akavua viatu akakaa."

Nilitamani kumkatiza. Nilitamani kupiga kelele kwamba ni nani anayekukata kucha, mama, ni nani anayekugeuza usingizini! Sita alitikisa kichwa kidogo, nikameza maneno yangu.

"Na wewe," mama alimwuliza, "mama yako yupo?"

"Yupo."

"Unakwenda kumwona?"

"Hanijui siku hizi. Nikiwa mbele yake hanijui."

"Sasa ndiyo umuache?" Mama alikasirika kwelikweli, shingo ikamsimama. "Hakujui, nawe unajitia humjui? Unapiga hodi, unaingia, unakaa. Kesho asubuhi uende. Usije ukawa kama wangu. Niahidi."

"Naahidi," Sita alisema. "Ila nawe umeze dawa, mama."

Mama alimtazama muda mrefu, kisha akavitazama vidonge vilivyokuwa kwenye kiganja kile kikubwa. Akavichukua kimoja kimoja, akavimeza, akanywa maji ndani ya jagi lilelile maana hapakuwa na kikombe karibu.

"Kesho asubuhi," alirudia.

Asubuhi yake nilipokuwa nateremka kwenda kazini, nilimkuta Sita amesimama nje ya mlango wao, amevaa shati la pasi na kofia ameishika mkononi. Nilidhani amefungiwa nje.

"Nimeahidi," alisema, bila kunitazama.

Akapiga hodi. Akapiga tena.

"Nani?" mama aliuliza.

"Ni mimi, mama. Nimekuja kukuona."

Nyayo zilikuja taratibu, zikasimama nyuma ya mlango. Kitasa kikazunguka. Mama alimwangalia kuanzia juu mpaka chini, akaona viatu.

"Vivue," alisema. "Uingie ukae."