Mshipa Usiokandwa

Kiswahili chetu kina neno moja, mshipa, na neno hilo nusura linizike. Kinachodunda kwenye kifundo cha mkono ni mshipa. Kinachosimama shingoni mtu akigomba ni mshipa. Kinachokubana kiunoni ukiinua ndoo vibaya ni mshipa, na yale maradhi ya wanaume yasiyotajwa mbele ya wakwe nayo ni mshipa. Daktari akitamka neno hilo, kila mtu chumbani husikia lake.

Mwaka juzi mafua makali yaliingia nyumbani kwetu Kibokoni. Alianza mume wangu, aliyeyatoa bandarini anakofanya ukarani, akafuata mwanangu wa miezi minane, kisha mimi. Wao walipiga chafya siku nne wakapona. Mimi yalinishuka kifuani. Nilikohoa mpaka mbavu zikaniuma, na homa ikanilaza siku kumi na mbili. Mavyaa wangu, yaani mamake mume wangu, aliniuguza kama mwanawe wa kumzaa, na hilo naliandika kabla ya mengine ili nisije nikamdhulumu. Alinipikia uji wa pilipili manga. Alimwogesha mtoto. Ila alifunga madirisha yote na akanikataza kuteremka kitandani, maana kwake baridi ya sakafu ikimpanda mwenye homa haimtoki tena. Hata kukunja goti chini ya blanketi aliniona nachezea maradhi.

Homa ilipotoka nikataka kusimama, nikaona mguu wa kushoto si wangu. Umevimba toka pajani mpaka kifundoni, una moto, ngozi imevutika yang'aa, na nyuma ya goti panauma kama pamechomwa mwiba. Wa kulia haukuwa na neno.

Mume wangu alimleta daktari wa Kihindi mwenye zahanati upande wa Mwembe Tayari. Mavyaa alikaa nyuma ya pazia. Daktari alibonyeza muundi wangu kwa dole gumba, na shimo likabaki. Aliniuliza maswali mengi juu ya mafua, mimi namjibu kuhusu mguu, mpaka nikadhani hanisikilizi.

"Mafua yamekwenda, lakini yameacha kazi yake," akasema. "Homa kali ya kifua huichubua mishipa kwa ndani, na damu huwa nzito. Tena umelala siku zote hizo bila kuchezesha miguu. Damu imeganda ndani ya mshipa."

Akasema nilale, mguu uinuliwe juu ya mito, na usiguswe. Kisha akashusha sauti, asimtishe mzee wa nyuma ya pazia: kipande cha damu kile kikikatika kitapanda mpaka mapafuni, na hapo yeye hana dawa.

Alipotoka tu, pazia likafunguka.

"Si nilisema? Mshipa," mavyaa akasema, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa. "Nishamwita mkandaji. Atakuja adhuhuri."

"Mama, daktari amesema mguu usiguswe."

"Nimesikia. Kuguswa si kukandwa."

"Kukandwa ni kuguswa mara mia."

"Huyo mwanamume aujua wapi mshipa wa mwanamke? Kwa dole gumba moja?"

"Nikikandwa nitakufa."

"Ulipozaa ulikandwa siku arubaini. Ulikufa?"

Nikamgeukia mume wangu, aliyekuwa anavaa kofia arudi kazini. Yeye alimsikia daktari neno kwa neno. "Sema," nikamwambia.

Akatazama kofia. "Mama ni mama. Labda akande polepole tu."

Nikamrushia mto. Ulikuwa mmoja wa ile ya kuinulia mguu, na ikanibidi nimwombe anirudishie.

"Kusoma kumekutoa haya," mavyaa akasema. Ni kweli nimesoma, Unguja kwa shangazi yangu, mpaka sekondari, na hilo katika nyumba ile hukumbukwa nikikosea tu.

"Afadhali nikose haya kuliko mwanangu akose mama," nikamjibu. "Nyinyi mtamzoea yatima. Yeye hatazoea."

Alikaa kwenye kiti akalia kimyakimya, akifuta macho kwa ncha ya leso. Mimi sikuomba radhi. Hofu niliyokuwa nayo haikuniachia nafasi ya radhi.

Mkandaji akaja na chupa yake ya mafuta ya nazi. Ni mama wa makamo, mzito, mwenye viganja vipana, ndiye aliyenikanda uzazini. Nikaukumbatia mguu kwa mikono miwili.

"Ukiutia mafuta nitakuuma, bibi."

"Uma. Wameniuma wengi, tena wenye meno kuliko wewe." Akaketi, akauwekea mguu mgongo wa mkono wake tu, kama apimaye maji ya kuogea. "Una moto. Daktari asemaje?"

Nikataka kujibu, nikalimeza lile neno. Nilijua nikisema mshipa nimeshindwa tena. Mavyaa wangu hugandisha maziwa kila siku, ya kulia mkate wa mofa, na mtu asiyasogelee. Nikamuuliza yeye.

"Mama, maziwa yakishaganda, ukilitikisa bakuli huwaje?"

Alikuwa bado amenuna, lakini kwa maziwa hawezi kunyamaza. "Hukatika vipande yakatoa maji. Nani mwenye akili atikisaye maziwa?"

"Basi damu yangu imeganda vivyo hivyo humu ndani. Bibi akiutikisa mguu itakatika, na kipande kitakwenda na damu mpaka mapafuni, kinizibe pumzi. Ndivyo alivyosema daktari. Ulikuwa nyuma ya pazia, hukusikia."

Mavyaa akaacha kufuta macho. Mkandaji akairudishia kizibo chupa yake.

"Huu si mshipa wangu," akasema. "Wangu ni wa nyama, hukazana nikaulegeza. Huu wa damu siujui." Akaiweka chupa chini. "Wakati wa vita nilikanda mguu kama huu. Mwenyewe alikuwa katoka kwenye mafua. Nimefika gotini, akakohoa mara mbili, akanitazama. Watu walisema siku yake imefika. Na mimi nikasema hivyo."

Mavyaa akainuka, akanipangia mito upya, akaongeza wa kwake.

Nililala wiki tano. Yeye ndiye aliyekuwa bawabu wangu, mkali kuliko daktari. Mgeni akitaka kuketi kitandani, alimwahi: "Keti mkekani, mwanangu, wanitikisia mkazamwana." Mkandaji alikuja kila siku, akawa amkanda mtoto, na mimi mabega tu. Mguu ukapungua polepole, kwanza paja, kisha goti. Daktari alipobonyeza muundi mara ya mwisho, shimo halikubaki. Nikasimama, mavyaa kwapa moja, mkandaji kwapa la pili, nikatembea mpaka dirishani na nikarudi peke yangu. Jioni hukivuta kidogo kisigino, lakini maji nachota na mtoto nambeba.

Hasira ninayo bado, ila imehama. Sina kisa na mavyaa. Nakasirika kwamba hakuna atwambiaye kuwa mafua hayaishi pua ikikauka, na kwamba mgonjwa akifunikwa blanketi aachwe achezeshe miguu. Tuliambiwa ni homa ya kupita.

Mkandaji sasa akiitwa kwenye mguu haifungui chupa kabla ya kuuliza. Umevimba mmoja au yote miwili? Una moto? Ulipata mafua? Mwezi jana alimkatalia mama mmoja wa Makupa, akamsimamia mwanawe mpaka akaenda kumleta daktari. Nilikwenda kumtazama mama huyo. Amelala, mguu juu, anapumua vizuri, na kwa muda wote niliokuwapo alimtukana mkandaji kwa kumnyima mafuta.