Kapu Letu Kwenye Foleni

Mpaka leo, niko kidato cha tatu, harufu ya sabuni ya mche inanitia aibu kwanza, halafu inanichekesha.

Ilianza Jumamosi, saa mbili asubuhi, nikiwa na miaka tisa. Sabuni ilikuwa imefika duka la ushirika, pale kwetu Temeke. Siku zile haikuwa lazima usimame foleni mwenyewe. Jiwe au kandambili ilikushikia nafasi. Mie niliweka kapu letu nyuma ya jirani yetu, Mama Somoe, nikaenda kucheza rede. Niliporudi, nyuma yake kasimama mtu mwingine, kapu halipo.

Nina haya tangu kuzaliwa, lakini siku hiyo nilipayuka mbele ya watu wote: "Mama Somoe kaiba kapu letu!"

"Makubwa!" akasema, mikono kiunoni. "Leo nimekuwa mwizi wa makapu? Na lenyewe lina tundu!"

Watu wakaangua kicheko. Nikakimbia nyumbani nalia.

Kwetu, sala ya chakula haikufika amina mpaka kila mmoja ataje jema la mtu wa nje. Jioni ile, zamu yangu ilipofika, kichwani alikuwemo Mama Somoe tu, na mabaya yake matupu. Ugali ukaanza kupoa. Kaka akanifinya.

"Kichwa ni kapu, mwanangu," Mama akasema. "Ukilijaza dagaa, litanukiaje karafuu? Mtafutie jema huyohuyo."

Nikatafuta kwa kinyongo. Nikamkumbuka Mzee Mponda, asiyeona. Kila foleni ikisogea, Mama Somoe humsogezea jiwe lake kwa mguu, kimyakimya. Nikalisema hilo.

Hata amina hatujaitikia, hodi mlangoni. Mama Somoe, na kapu letu, sabuni ndani.

"Nililitanguliza mbele yangu wasilipige teke," akamwambia Mama. "Binti yako kakimbia kama kaona nyoka!"

Nikajificha nyuma ya mlango.

Miaka ile nilidhani Mama anatufundisha adabu ya mezani. Sasa ndipo naelewa. Mguu ule ulikuwa unasukuma kapu letu mbele ya macho yangu, na mie nasikiliza ulimi tu.

Kesho yake, kabla ya kengele ya kanisa, nilikwenda bombani, kwenye foleni ya wanawake walewale.

"Shikamoo, Mama Somoe. Jana nilikusingizia." Nilisema kwa sauti, wote wasikie.

"Marahaba. Haya sogea, maji yatakatika."

Nikasogea, na ndoo yake nikaisukuma kwa mguu.