Kabambare, kwa Mkalimani wa Jumba la Taifa

Baba yangu alipofariki, watu wa kwetu Kasongo walimzika vizuri, lakini hawakumsamehe. Miaka mingi kabla, walimtuma Kinshasa kama mjumbe wa mkutano mkubwa katika jumba la mikutano la taifa. Alikwenda na karatasi ya majina: watu wa vijiji vyetu waliochukuliwa njiani wasirudi. Kazi yake ilikuwa kuyasoma mbele ya nchi nzima. Familia zilikaa kando ya redio siku tatu, wala hazikusikia jina hata moja. Baba aliporudi alisema, “Niliyasoma.” Hakuna aliyemwamini. Mimi mwanawe pia nilikuwa na mashaka.

Mwaka huu nilipata habari kwamba mkalimani mmoja wa jumba lile bado yu hai, naye amerudi kwao Kabambare. Nikaomba ruhusa shuleni ninapofundisha.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka Kasongo, mimi na Amisi, dereva wa pikipiki. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mara nyingi zaidi tuliisukuma pikipiki kuliko ilivyotubeba, na kwenye madaraja ya magogo Amisi alinishusha nivuke kwa miguu.

Tulifika Wamaza jioni, tukala ugali na sombe, majani ya muhogo, kwa mama mmoja muuza chakula. Aliposikia tunakwenda kwa nani, alisimama na sahani mkononi.

“Kwa Mama Faida, yule mkalimani? Mwende. Lakini musikalie kile kiti cha karibu na dirisha.”

“Kwa nini, mama?”

“Iko na mwenyewe.”

Amisi, aliyekuwa akipiga soga njia nzima, aliacha ugali wake nusu, akaenda kulala.

Siku ya pili, saa saba mchana, tuliingia Kabambare. Zuhura, binti wa Mama Faida, alitupokea. Mama mwenyewe alikuwa mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, na akili yake ilikuwa safi kama maji ya kisima. Nilimwambia tu kwamba mimi ni mwalimu na napenda habari za lile jumba.

“Walipoanza kujenga, pale palikuwa nyasi na vyura,” alisema. “Siku ya kulifungua, zulia lilinuka gundi. Sisi wakalimani tulikaa juu, ndani ya vyumba vya kioo. Tunaona watu wote, na hakuna mutu anatuona. Sherehe za wakubwa zilipita mule, na vilio pia. Mwisho paa likavuja, tukatafsiri na ndoo katikati ya miguu.”

Tulicheka wote wawili. Kabla sijamtajia baba, Zuhura akaja kufunga mlango.

“Mwalimu, saa tisa imefika. Usimuguse, usimuite jina. Iko kazini.”

Mama Faida aliziba masikio kwa viganja, kama mtu anayebana vipokea sauti. Macho yake yalikitazama kiti kitupu kando ya dirisha. Alisubiri kidogo. Kisha akaanza kusema, kila mara akikatiza, akiinamisha kichwa, akipokea, akiendelea.

“Ndugu wajumbe, mimi natoka Kasongo. Sikuja kuomba barabara. Nimeleta watu.”

Yalifuata majina, kila jina na kijiji chake, na kile mwenyewe alichokuwa nacho siku alipochukuliwa. Mwamini, alikuwa na mimba. Kalume wa Sefu, alikuwa na mbuzi wawili. Nilitoa daftari, nikaandika mbio. Kuku wa uani walinyamaza, au labda mimi ndiye niliyeacha kuwasikia.

Katikati alikunja uso.

“Redio ilikatika alipoanza, sasa na umeme umekatika,” alinong’ona. Akaondoa viganja masikioni, akafanya kama anayefungua kioo, akainama mbele. “Anaendelea bila kipaza sauti. Walio mbele tu wanamusikia.” Naye akaendelea kutafsiri, upesi na kwa sauti ya chini, mpaka jina la mwisho.

Kisha akanigeukia.

“Anauliza kama umeandika yote.”

Nilikijibu kile kiti.

“Yote, baba.”

Mama Faida alivuta pumzi, akatazama huku na huku. “Zuhura,” aliita, “mugeni alishakula?”

Asubuhi yake tuligeuka kurudi. Kasongo nilikwenda kwanza kwa Bibi Mwajuma, mama yake Kalume, aliyekuwa hapokei salamu ya nyumba yetu. Nilimsomea daftari nikiwa nimesimama mlangoni. Nilipofika kwa wale mbuzi, akashika kizingiti.

“Habari ya mbuzi nilimwambia baba yako peke yake,” alisema. “Siku aliyoondoka kwenda Kinshasa.”

Nilikuwa nadhani neno likisemwa katika jumba kubwa kama lile limeifikia nchi. Nimejifunza kwamba laweza kubaki kwa mtu mmoja tu, naye akalibeba peke yake hadi uzeeni, mahali pasipo na barabara.

Bibi Mwajuma aliniomba nimpeleke makaburini. Alisimama mbele ya kaburi la baba, kisha akasema, “Tumekusikia.”