Shamba Lisilotiwa Vumbi Kasikeu

Siku yangu ya kwanza kazini, Kasikeu, nilitumwa kuchota udongo wa kupimwa maabara nikarudi na ndoo tupu. Kila nilipotoboa niliona nimekosea: hapa pana mizizi, pale mbuzi amepita. Msimamizi wa Mashamba, mama wa Mwingi tuliyemwita Madam, alichungulia ndoo akacheka.

"Kijana, udongo msafi hakuna. Chota huu uliopo."

Nawaandikia mnaotafuta kazi kama hii bila cheti, kwa kuwa hata mimi sikuwa nacho. Nilijifunza kwa simu, na kila asubuhi niliogopa kwamba leo watagundua sijui kitu. Mkataba umeisha majuzi tu. Nyumbani wananitania kwamba nimestaafu kabla ya kuota ndevu.

Kazi yenyewe ni hii. Jiwe jeusi la volkano husagwa likawa kama unga, kisha hutawanywa shambani. Maji ya mvua hubeba kaboni dayoksaidi ya hewani na ya udongoni, yakapata ukali kidogo, yakalimumunya lile vumbi polepole. Kalsiamu inayotoka huishika kaboni. Nyingine huenda na maji. Nyingine, katika udongo mkavu kama wetu, hubaki kuwa chokaa. Gesi inageuka jiwe! Bado nikilieleza hilo husisimka.

Lakini ili kuthibitisha, lazima pawe na shamba la kulinganisha, lisilotiwa vumbi kabisa. Bila hilo, utajuaje kama chokaa haikuwapo tangu zamani? Letu lilikuwa la Mama Mutheu, mjane.

Mvua za kwanza zilipopita nilikwenda kuchota udongo wake nikakuta shamba jeusi toka mwanzo hadi mwisho. Mwethya, kikundi cha majirani wanaolimiana kwa zamu, walikuwa wamelitia vumbi lililobaki kwenye mashamba yao.

"Tungemwachaje?" mwenyekiti wao aliniuliza. "Tunasali naye, halafu tumpite kama hatumjui?"

Ofisi kuu ilikwisha kusema kwamba bila ulinganisho mradi utafungwa. Nilimwambia Madam labda tukwangue udongo wa juu wote. Alinitazama kwa huruma, akapiga simu ofisini akaeleza ukweli wote, akaomba msimu mmoja zaidi. Walimpa huo mmoja tu.

Kisha akaketi na mwethya uani kwa Mama Mutheu.

"Hamkukosea kumkumbuka," alisema. "Mimi ndiye nilileta mpango wa kumwacha mtu nje. Sasa nataka kipande kingine kikae bila vumbi. Nani atatoa, na nyinyi mtamfanyia nini?"

Halafu Mama Mutheu akasema, "Niko na kipande kule chini. Chukueni. Lakini huku juu mnichimbie matuta ya kuzuia maji, na yawe matuta kweli, si ile mikwaruzo mlimchimbia mwenyekiti."

Walicheka, mwenyekiti akiwamo, na wakachimba.

Nilihamishiwa Mukuyuni kwa muda. Niliporudi nilimkuta Mama Mutheu kule chini akimfukuza shemeji yake aliyekuja na wilbaro ya vumbi.

"Nakusaidia, mama!"

"Enda usaidie bibi yako! Jibu la hawa watu linatoka hapa."

Nimefanya kazi na watu wenye mashine za kupimia kila kitu. Sijaona aliyekilinda kipimo kama yeye, na sijaona mkubwa aliyejua kuomba kama Madam.

Majibu ya maabara yalipofika, Madam aliyasoma mbele ya wote, wa ofisi kuu wakisikiliza. Penye vumbi palikuwa na chokaa zaidi kuliko kule chini. Si nyingi kama nilivyoota, lakini ilikuwapo, na mradi ungeendelea. Watu walimpigia makofi Mama Mutheu. Alingoja yaishe.

"Asanteni. Sasa kesho mniletee vumbi langu."

Kesho yake ilikuwa siku yangu ya mwisho kazini. Kule chini, ambako vipimo vilikwisha, mwethya walilimwaga kwa makarai wakiimba, nami nikawafuata nyuma na reki, nikisawazisha hapa, nikirudia pale, mpaka Mama Mutheu akaja akaninyang'anya reki na kunipa karai.